Kuilinda bahari kwa vipimo, sio kwa kelele: mwongozo kamili kwa kikundi kinachoanza na mikono mitupu

Vikundi vingi vya kulinda bahari vinaanzia palepale: magunia, glavu, fulana zinazofanana, asubuhi moja ya kuokota taka ufukweni, picha ya pamoja, halafu kila mtu kwao. Wiki inayofuata ufukwe uko vilevile. Sio kwamba kuokota ni kubaya, mi mwenyewe nimeokota sana, shida ni kwamba ukiokota bila kuhesabu hujui taka zimetoka wapi, na usipojua zimetoka wapi huna mtu wa kumfuata ukamwambia acha. Mwaka 1986 kule Texas, Linda Maraniss na Kathy O'Hara waliandaa siku ya kusafisha ufukwe na wakawaomba watu wasiokote tu, waandike kila kipande kwenye kadi, chupa ngapi, kamba ngapi, vifuniko vingapi. Zoezi hilo likasambaa nchi nyingi na mpaka leo linafanyika kila mwaka, na watu bado wanahesabu.

Mwongozo huu unahusu hiyo kadi. Yani namna ya kupima bahari yako kwa vifaa vya kawaida, kwa njia ambayo mwanasayansi hataicheka, afu kile kipimo kikamfikie mtu mwenye uwezo wa kubadilisha kitu.

Hatua ya 1: Pata swali, na pata mtu wa kupelekewa jibu

"Bahari yetu ina afya?" hilo ni swali la kupigia stori, halipimiki. Swali la kupimika linakuwa dogo mpaka linakera. Je, maji yanayotoka kwenye mfereji huu yana kinyesi zaidi baada ya mvua kuliko siku kavu? Je, majani ya bahari yaliyo mbele ya gati yanapungua mwaka hadi mwaka? Je, taka nyingi za hapa zinashuka na mto au zinaletwa na mawimbi? Chagua moja. Mkiwa wengi na mna nguvu chagueni mawili, ila matatu mwaka wa kwanza ni kujitafutia ugomvi.

Kisha, kabla hamjanunua hata kamba, jiulizeni jibu likipatikana litaenda kwa nani na huyo mtu anaweza kufanya nini nalo. Kama swali ni la mfereji, kuna idara ya majitaka. Kama ni nanga za boti zinazong'oa matumbawe, kuna wenye boti na kuna msimamizi wa bandari. Ukikosa kabisa mtu wa kupokea jibu, badilisha swali, kwa sababu utapima miaka mitatu na daftari litaishia kabatini.

Hapa pia tenganisheni vitu vya kwenu na vya dunia nzima. Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi tunazorundika angani, na imechukua karibu robo ya kaboni dayoksaidi tunayotoa. pH (kipimo cha tindikali, ikishuka tindikali imepanda) ya maji ya juu imeshuka kutoka kama 8.2 hadi kama 8.1 tangu viwanda vianze, na usidanganyike na udogo wa hiyo namba manake kipimo cha pH hakihesabu kama rula, kushuka huko ni kama asilimia 30 ya tindikali kuongezeka. Hilo halitatuliwi na watu kumi na wawili wenye ndoo. Ila matumbawe yaliyopigwa na joto huku yamefunikwa na tope na majitaka ni kama mgonjwa wa kifua umemlaza jikoni kwenye moshi, homa huwezi kumwondolea lakini moshi unaweza. Kazi yenu ni moshi.

Hatua ya 2: Wasikilize wanaoijua bahari hiyo

Nenda kwa wavuvi wa zamani, wapiga mbizi, wanaokusanya kaa na pweza maji yakipwa. Waulize samaki gani walikuwa wanapatikana karibu na sasa hawapatikani, maji yalikuwa yanaonekana mpaka kina gani, mchanga uliishia wapi. Mwaka 1995 mwanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly aliandika kuhusu ugonjwa mmoja wa fikra, kwamba kila kizazi kinaichukua bahari iliyoikuta kuwa ndo bahari ya kawaida, kwa hiyo upungufu wa miaka hamsini haumshtui mtu yeyote kwa sababu kila mmoja kaona kipande chake tu. Wazee ndo dawa ya hapo, na ukiwaandika vizuri (mwaka, mahali, samaki, ukubwa) hiyo nayo ni data.

Mkitoka hapo choreni ramani yenu wenyewe, hata kwa mkono. Tieni kila mfereji, mdomo wa mto, kiwanda, hoteli, shamba linalomwaga maji baharini, mikoko, majani ya bahari, matumbawe, njia za boti. Na ombeni kibali mapema kama eneo ni hifadhi au kama mtachukua sampuli ya kiumbe hai. Kibali kinachosha ila bila hicho data yenu itakataliwa na mtu wa kwanza asiyeipenda.

Hatua ya 3: Chagueni vituo, na muyaheshimu maji

Kituo kimoja hakitoshi. Ukipima mdomo wa mfereji peke yake ukakuta maji machafu, atakuja mtu na kusema bahari yote iko hivyo msimu huu, na hutakuwa na la kumjibu. Kwa hiyo weka angalau vituo viwili: kimoja penye tatizo na kingine kinachofanana nacho kwa kina, mchanga na mawimbi lakini kiko mbali na tatizo. Kama kuna kitu kinakuja kujengwa au kubadilishwa, anzeni kupima kabla hakijaanza, kwenye vituo vyote viwili, na muendelee baada ya hapo. Mpango huo wa kabla na baada, penye tatizo na pasipo, ndo unaoshikilia tafiti nyingi za athari kwa mazingira na hauhitaji digrii.

Sasa maji. Sisi mwaka wa kwanza tulipima uwazi wa maji kila Jumamosi saa tatu asubuhi, tukajiona tuna nidhamu kweli, miezi sita bila kukosa. Tulipochora mstari ukawa unapanda na kushuka vizuri sana kama pumzi, tukashangilia kwamba tumegundua kitu. Kumbe tulichogundua ni kupwa na kujaa! Saa tatu ya Jumamosi hii maji yamejaa, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo yamekupwa na tope la mfereji lote liko juu, yani tulikuwa tunapima mwezi wa angani. Miezi sita ikaenda. Kwa hiyo msifuate saa ya ukutani, fuateni jedwali la maji, chagueni hali moja, mfano saa moja kabla ya maji kujaa kabisa, na mbaki nayo. Andikeni pia kama ni bamvua au maji mafu, na mvua ilinyesha lini mara ya mwisho.

Hatua ya 4: Vipimo vyenyewe

Msifanye vyote. Chukueni vinavyojibu swali lenu.

Uwazi wa maji. Kifaa ni sahani bapa nyeupe ya sentimita 30 hivi, imetobolewa katikati, ina uzito chini na kamba isiyorefuka ikilowa. Mwaka 1865 padri na mwanaastronomia Angelo Secchi aliijaribu sahani ya aina hiyo kwenye meli ya Papa katika Mediterania, na mpaka leo inaitwa diski ya Secchi. Fungeni mafundo kila nusu mita. Ishusheni upande wa boti wenye kivuli, mchana jua likiwa juu, mvue miwani ya jua. Sahani inaanza nyeupe, inakuwa ya kijani, inabaki kama doa, afu hupati tena hata doa, hapo shika kamba usome kina. Sasa ivute polepole mpaka doa lirudi, soma tena, wastani wa hizo mbili ndo kipimo chenu. Watu wawili wapime kila mmoja peke yake bila kuambiana namba, mkitofautiana sana rudieni. Na kama sahani imegusa chini bado inaonekana, msiandike kina cha chini kama uwazi, andikeni "mpaka chini", ni vitu viwili tofauti.

Joto, chumvi na oksijeni. Joto ni rahisi, kipimajoto kizuri kinatosha bora msibadilishe badilishe. Chumvi ya bahari ya wazi ni kama gramu 35 kwa kila kilo ya maji, ikishuka ghafla karibu na pwani ujue maji yasiyo na chumvi yameingia. Oksijeni ndo yenye siri: watu wanapima saa sita mchana wakati mimea ya majini inatoa oksijeni kwa wingi, wanakuta kila kitu kiko safi. Usiku mimea na bakteria wanaivuta tu, kwa hiyo kipimo cha chini kabisa kinapatikana kabla jua halijachomoza, amkeni. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, hapo maji yanahesabiwa kuwa hayana hewa ya kutosha, na viumbe wasioweza kukimbia wanakufa.

Kinyesi. Hapa mnahitaji maabara, sitawadanganya. Kinachotafutwa kwenye maji ya chumvi ni bakteria wanaoitwa enterokoki, hao wenyewe mara nyingi hawaleti ugonjwa ila wakiwepo wengi inaonyesha majitaka yameingia. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2012, inaweka wastani wa 35 kwa mililita 100 kwa maji ya kuogelea (wastani wa kijiometri, sio ule wa kujumlisha na kugawanya, manake siku moja mbaya inaweza kuvuruga wastani wa kawaida). Chupa iwe imeuawa vijidudu, isifunguliwe mpaka dakika ya kuchota, mdomo wake uelekee mkondo unakotokea, usiguse ndani ya kifuniko, weka kwenye barafu na ifike maabara ndani ya masaa sita. Chupa iliyozurura kwenye gari siku nzima mwageni tu.

Majani ya bahari. Mfumo wa Seagrass-Watch ulioanza Australia mwaka 1998 ni mzuri kuufuata: mistari mitatu ya mita 50, imepishana mita 25, kila mita tano unaweka fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50, jumla fremu 33. Ndani ya kila fremu unakadiria asilimia iliyofunikwa na majani, aina gani, urefu wa majani, mwani uliojishika juu yake. Fremu ya kwanza mtabishana kama ni asilimia 20 au 45, ni kawaida. Pigeni picha ya kila fremu kutoka juu moja kwa moja, na kabla ya msimu kaeni wote mkadirie picha zilezile kumi mpaka macho yenu yaelewane.

Matumbawe. Kama hamjafunzwa kupiga mbizi msijaribu, baki kwenye yale yanayofikika kwa kuelea. Reef Check, iliyoanza 1996, wanatumia tepu ya mita 100 yenye vipande vinne vya mita 20, na kila nusu mita unaandika kilicho chini ya tepu hapohapo: tumbawe hai, tumbawe lililokufa karibuni, mwani, mchanga, jiwe. Pointi 160, sio "nimeona matumbawe mengi". Kwa kupauka (matumbawe kugeuka meupe kwa joto), fuatilieni pia tahadhari za setilaiti zinazotolewa bure na NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa: wanahesabu joto lililozidi kiwango cha mwezi wa joto zaidi kwa wiki mfululizo, hesabu ikifika 4 tegemeeni kupauka, ikifika 8 tegemeeni vifo. Aprili 2024 walitangaza kupauka kwa dunia nzima kwa mara ya nne, kwa hiyo mkikuta matumbawe meupe msikimbilie kumlaumu mwenye hoteli kabla hamjaangalia joto. Halafu tumbawe jeupe sio lazima limefariki. Limefukuza mwani wake wa ndani na lina njaa, joto likishuka mapema linapona, hivyo rudini baada ya wiki chache muone.

Taka. Nchi za kaskazini mashariki mwa Atlantiki zina mfumo wao wa kuhesabu kwenye kipande kilekile cha mita 100, mara nne kwa mwaka, na huo mnaweza kuufuata popote. Kila kipande kiandikwe kwa aina. Mimina gunia kwenye turubai na utaona picha inajichora yenyewe: vijiti vya masikio vikiwa vingi vimepita chooni, hapo mtu wako ni wa majitaka, kamba na vipande vya nyavu, mtu wako yuko bandarini, vifuko vya maji na vyombo vya kubebea chakula, geukeni nyuma muangalie nchi kavu. Uzito wa kilo peke yake hauwaambii kitu, tairi moja linazidi vijiti elfu tano.

Hatua ya 5: Daftari

Penseli, sio kalamu ya wino, na karatasi isiyoloa. Tarehe, saa, hali ya maji, jina la aliyepima, jina la aliyeandika. Piga picha ya ukurasa kabla hujaondoka ufukweni. Kwenye spredishiti mstari mmoja uwe kipimo kimoja, msianze kuunganisha visanduku na kupaka rangi rangi.

Kosa ninaloliona kila mahali ni sifuri na pengo kuchanganywa. Sifuri maana yake tumeangalia na hakuna. Pengo maana yake hatujaangalia. Mtu akijaza sifuri kwenye siku ambayo boti iliharibika, ameua kasa wote wa siku hiyo kwa kidole kimoja. Na namba ikionekana ya ajabu msiirekebishe, iacheni, andikeni pembeni "inatia shaka, kamba ilijikunja", mchambuzi ataamua.

Hatua ya 6: Wekeni mipaka kabla ya kuona majibu

Hii ndo hatua inayorukwa, na kwangu ndo moyo wa kazi. Kaeni na yule mtu wa hatua ya kwanza, mkubaliane leo: namba ikivuka hapa, nani anafanya nini, ndani ya siku ngapi. Kukubaliana baada ya namba mbaya kutoka ni kazi ngumu mno, kila mtu keshaanza kujitetea.

Tampa Bay huko Florida ni mfano ninaoupenda. Ghuba ilikuwa imejaa majitaka, maji ya kijani, majani ya bahari yakakosa mwanga. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 sheria ikalazimisha mitambo ya majitaka ipunguze naitrojeni, na wakaja kuweka malengo ya klorofili (rangi ya kijani inayoonyesha wingi wa mwani majini) na uwazi wa maji, kila mwaka kila kipande cha ghuba kinapewa rangi ya kijani, njano au nyekundu, na rangi ina maana ya hatua. Majani ya bahari yakatoka ekari kama 21,600 mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi zaidi ya 40,000 mwaka 2016. Baadaye yakaanza kupungua tena, na walijua mapema kwa sababu hawakuwa wameacha kupima.

Kama uamuzi wenu ni kufunga eneo lisivuliwe, jueni kwamba mstari kwenye ramani haufugi samaki. Mwaka 2014 Graham Edgar na wenzake walilinganisha hifadhi 87 za bahari wakaangalia sifa tano: kutovua kabisa, usimamizi mkali, umri wa zaidi ya miaka kumi, ukubwa, na kutenganishwa na maeneo mengine kwa maji ya kina au mchanga. Zenye sifa moja au mbili tu hazikutofautika na maeneo yanayovuliwa. Cabo Pulmo, Mexico, ilikuwa hifadhi toka 1995, wenyeji wenyewe ndo walilinda, na kati ya 1999 na 2009 uzito wa samaki uliongezeka kwa asilimia 463. Kama miaka kumi inawatisha watu, anzeni na pweza, anakua haraka mno: kule Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004 walifunga sehemu moja ya kuvua pweza kwa miezi saba tu, na jirani walipoona matokeo nao wakafunga zao.

Mikoko nayo, tafadhali, msikimbilie kupanda. Miche mingi duniani imekufa kwa sababu ilipandwa kwenye tope la chini ambalo maji hayaliachi, pahala penye nafasi lakini sio pahala pa mikoko. Mikoko inataka kufunikwa na maji chini ya theluthi moja hivi ya muda. Tafuteni kwanza nini kiliizuia kuota yenyewe, mara nyingi ni tuta au barabara iliyoziba mkondo, fungueni maji yapite na mbegu zitakuja zenyewe. Haina picha nzuri kama watoto wameshika miche, najua.

Hatua ya 7: Kupeleka majibu

Ukurasa mmoja. Swali, ramani ndogo, mchoro mmoja, namba iliyovuka mpaka, ombi moja. Wapelekeeni kwanza wanaohusika kabla ya kuwaanika, mara nyingine mwenye bomba hajui kama linavuja. Mkikataliwa mkononi mna sheria pia: kutupa plastiki baharini kutoka kwenye meli kumekatazwa na kiambatisho cha tano cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotoka kwenye meli, tangu mwisho wa 1988, popote pale. Wavuvi waliowapa kumbukumbu zao hatua ya pili wapate majibu siku ileile na ofisi, kwa lugha yao, ana kwa ana. Mkiwanyima hilo msitegemee watawapa boti mwakani.

Hatua ya 8: Ili isife mwaka wa pili

Msiende majini chini ya watu wawili, na aliyebaki nchi kavu awe anajua mnarudi saa ngapi. Baada ya mvua kubwa mfereji una vitu vya kuumiza, vaeni buti na glavu, mwenye kidonda abaki na daftari. Kila kipimo kiwe na watu wawili wanaokijua, fundisheni wa pili kwa kumwacha apime huku wa kwanza amenyamaza, makosa yataonekana humo humo. Nakala ya data ikae sehemu tatu. Kama bajeti imekatika, punguzeni vipimo lakini vituo viwili vya mwanzo msiviguse, na kamba ya diski ikianza kulegea irudisheni kwenye tepu, pimeni mafundo upya, muandike tarehe mliyofanya hivyo.